Leipzig hadi Venice kwa treni na rafiki anayetoka Dar: tununue pasi au tukate tiketi mojamoja?

Mwanaheri_LE

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wazoefu wa treni za huku.

Nasoma Leipzig, nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani na ile tiketi ya muhula ya chuo inayonipandisha treni za mikoa nchi nzima. Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari Tanga, sasa anafanya kazi benki pale Posta, amepata likizo na anataka kuja. Amepanga kutua Berlin 26 Septemba, akae kama wiki mbili. Mimi nina miaka 26, yeye 29. Mfuko wetu ni euro 650 kila mtu, mbali na ndege na viza. Ndani ya hizo kuna treni, malazi, chakula na kila kitu.

Njia niliyofikiria ni Leipzig, Praha, Vienna, Venice, halafu turudi kupitia Munich. Mwenzangu ameongeza London "siku mbili tu" na Uswisi, anataka picha na theluji.

Kila ninayemuuliza ananiambia ninunue pasi ya treni ya Ulaya nzima. Nimefungua tovuti yao, nimeona Interrail na Eurail, sijaelewa ipi yangu ipi yake. Treni za usiku nazo zinafaa kwa wasichana wawili? Na viza yake anaombea wapi kama tunapita nchi nne?

La mwisho si la treni. Yeye anaamini mtu akiwa Ulaya hela anaziokota barabarani. Mimi naosha vyombo mgahawani mara tatu kwa wiki. Mnagawanaje gharama na mtu wa hivyo bila kuharibu urafiki?

Chuma_cha_Reli

Achaneni na treni, pandeni mabasi ya usiku. Nauli nusu, mnalala humohumo, asubuhi mko mji mwingine. Treni ni za wazungu wastaafu.

MamaFavoriten

Huyo wa mabasi mwache, kauliza treni.

Mwanangu Mwanaheri, mimi niko Vienna, wilaya ya kumi. Stesheni kuu naiendea kwa miguu, na kila kiangazi wapwa zangu na watoto wa mashoga zangu wanapita hapa na mabegi yao. Nitasema kwa kirefu, vumilia.

Anza na viza, treni baadaye. Msikate tiketi hata moja isiyorudishwa hela kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti ya mwenzio. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15 kabla, lakini kinachokula muda ni kupata miadi, kwa hiyo aanze mapema. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000. Anaombea kwenye nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile atakayoingilia. Hesabuni usiku kwa usiku. Kwa njia yenu Ujerumani inaongoza, basi ni ubalozi wa Ujerumani. Wewe mwanafunzi usijibebeshe kumsainia hati ya udhamini pale ofisi ya wageni: inalipiwa euro 29, wanataka kuona kipato, na ukishasaini deni lake ni lako. Ana kazi, ana taarifa ya benki, ana barua ya mwajiri. Ajitetee mwenyewe.

London ifute leo. Uingereza haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; viza yake ni nyingine na hela yake ni nyingine, na kibali chako cha Ujerumani hakikuingizi kule. Halafu viza za mara ya kwanza mara nyingi ni za kuingia mara moja. Akitoka kwenda London kupiga picha na saa, hana njia ya kurudi Leipzig kuchukua sanduku lake.

Sasa pasi. Interrail ni ya wakaazi wa Ulaya, haijalishi umebeba pasipoti ya wapi. Kwa hiyo ni yako. Eurail ni ya wanaoishi nje, hiyo ni yake. Mtakaa behewa moja, kiti kwa kiti, lakini masharti hayafanani. Wewe bado unahesabiwa kijana, maana punguzo linaishia miaka 27. Yeye analipa ya mtu mzima. Na wewe, ndani ya nchi unayoishi, Interrail inakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi, basi. Yeye na Eurail yake anazunguka Ujerumani atakavyo. Juu ya hapo, treni za kasi za Italia na Ufaransa zinadai ulipie kiti hata kama pasi unayo. Hiyo huwa haiandikwi kwa herufi kubwa.

Chukua bei ya pasi, gawa kwa siku mtakazosafiri kweli. Nyinyi mna siku tano ndefu, na miji yenu iko jirani. Pasi inamfaa asiyejua kesho atalala wapi, au anayekwenda mbali mpaka Norway au kusini ya Hispania. Nyinyi mnajua miji na tarehe mnazijua. Kateni tiketi moja moja, mapema.

Kutoka Leipzig mpaka mpakani wewe una tiketi ya muhula. Yeye anunue Deutschlandticket. Tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, na inapanda treni zote za mikoa, treni za mjini, tramu na mabasi, ila si zile za kasi. Anayeishi nje anaruhusiwa kuinunua. Lakini inahesabiwa kwa mwezi wa kalenda: inaanza tarehe mosi na inakufa mwisho wa mwezi. Akitua 26 Septemba na mkarudi kupitia Munich katikati ya Oktoba, atalipa miezi miwili kwa wiki mbili. Mwambie asogeze likizo. Siku chache hizo zitamwokolea euro 63.

Leipzig hadi Dresden ni treni ya mkoa, saa moja na nusu hivi. Kutoka Dresden mna njia mbili: treni kubwa ya moja kwa moja hadi Praha, ambayo ukiwahi nauli yake ni ndogo, au treni ya mjini hadi Bad Schandau, halafu ile ndogo inayovuka hadi Děčín, na pale mnakata tiketi ya Kicheki. Vyovyote vile, kaeni upande wa kushoto. Reli inafuata mto Elbe, majabali yanasimama juu ya maji, na yule wa benki atapiga picha mpaka simu iishe chaji. Praha hawatumii euro. Mashine ya hela ikikuuliza utozwe kwa euro au koruna, bonyeza koruna. Ukichagua euro wanakupangia kiwango wanachotaka wao.

Praha hadi Vienna ni kama saa nne. Kuna treni za shirika la taifa la Kicheki na kuna zile za njano za RegioJet, kampuni binafsi. Zinapita reli ileile, kwa hiyo linganisheni bei kila mara. Siku ikikaribia bei inapanda, hakuna siri nyingine.

Vienna hadi Venice mimi nasema mchana. Najua mtaambiwa treni ya usiku inaokoa hela ya hosteli. Inaokoa ukipata kitanda kwa bei nzuri, na vitanda vya bei nzuri huisha mapema. Kinachobaki ni kiti, na usiku mzima kwenye kiti, magoti ya mgeni yakigusa yako, taa zikiwashwa kila stesheni, mtashuka Venice mmevimba macho na siku ya kwanza mtalala kwenye ngazi za kanisa. Mkiamua usiku, Nightjet, zile treni za usiku za Austria, wana vyumba vya wanawake watupu. Chagueni hicho wakati wa kukata, si mkishapanda. Lakini mchana mnapita Semmering! Reli ile ilifunguliwa 1854, ikapanda milima kwa madaraja ya mawe wakati wengi wakisema garimoshi haliwezi. Aliyeijenga, Carl von Ghega, alizaliwa Venice. Mnaenda kwao kwa reli yake, na dirisha halitozwi.

Venice msilale kisiwani. Laleni Mestre, bara. Treni inavuka daraja kwa dakika kama kumi, na tofauti ya bei ya kitanda itawalisha siku nzima.

Kurudi ndiko kuna raha ya mwenye hela kidogo. Treni za mikoa za Italia nauli yake haipandi hata ukikata dakika kumi kabla ya kuondoka. Venice hadi Verona, Verona hadi Brennero, pengine mbadilishe Bolzano. Mpakani mnapanda ya Austria hadi Innsbruck, kisha Kufstein. Kufstein iko Austria, lakini Deutschlandticket inafika hapo, kwa hiyo kutoka Kufstein hadi Munich mwenzio halipi tena, na yako ya muhula hakiki kwenye masharti yake. Ni siku nzima, beba chakula. Na tiketi ya karatasi ya treni za mikoa za Italia igongeni kwenye mashine ya pale stesheni kabla ya kupanda. Isipogongwa mkaguzi anaihesabu kama hamna tiketi, na kulia hakusaidii.

Munich hadi Leipzig panda ya mkoa hadi Nürnberg, na pale kuna nyingine inayoingia Leipzig moja kwa moja kupitia Jena.

Kula: duka la vyakula asubuhi, mkate, mayai ya kuchemsha, matunda. Mgahawa mara moja kwa kila mji, mchana, kwenye mlo wa bei maalumu wa mchana. Maji msinunue. Hapa kwetu maji ya bomba yanatoka chemchemi za milimani tangu 1873, ni matamu kuliko ya chupa. Choo nendeni kwenye treni kabla ya kushuka, stesheni wanatoza.

Nimebakisha hela, na hilo ndilo lililokufanya uandike, nimeliona.

Mwenzio hana ubaya. Amelelewa na picha za watu wa Ulaya, na sisi wenyewe ndio tuliozituma. Usingoje afike. Mpigie sasa, na usimwambie "mambo magumu", hilo neno kila mtu analisema hata mwenye gari tatu. Mtumie tarakimu: mshahara wangu wa mgahawani huu, kodi ya chumba hii, bima ya afya hii, kinachobaki hiki. Mtu wa benki anajua kusoma hesabu.

Halafu tenganisheni mambo mawili. Akiwa chumbani kwako Leipzig ni mgeni wako, umpikie, umlaze kitandani, wewe ulale chini, ndivyo tulivyolelewa. Siku mnayopanda treni ya Dresden ugeni umekwisha, nyinyi ni wasafiri wawili. Kila mmoja atoe euro 200 ziingie mfuko mmoja, na mfuko ashike yeye, si wewe. Akishika yeye ndiye atakayeona kahawa mbili na keki zimeondoka na euro 18, na hutahitaji kusema neno. Ukiisha mnajaza sawa kwa sawa. Zawadi za nyumbani, manukato na viatu vya dada zake havitoki humo.

Na kila mji muwe na nusu siku ya kila mtu kivyake. Yeye aende madukani, wewe kalale bustanini. Marafiki wa utotoni wakilala chumba kimoja mfululizo hugombana kwa sababu ya taulo.

Atieno_Muc

Mama amemaliza yote, mimi niongeze mawili matatu kutoka Munich. Mimi ni nurse huku, na hiyo njia ya Kufstein naijua sana.

Pasipoti halisi, zote mbili, kila siku, mwilini. Si picha kwenye simu. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi wanaingia kwenye treni. Na tuseme ukweli, behewa likiwa na watu sitini, sisi ndio wanaanza nasi. Usibishane, usicheke, usitafute begi dakika tano. Kadi ya ukaazi pamoja na pasipoti, mwenzako pasipoti na karatasi ya bima, unampa, anaangalia, anakurudishia. Wewe na hiyo kadi unaruhusiwa kutembea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya 180, kwa hivyo uko sawa kabisa.

Pili, msiamini ratiba ya Ujerumani. Mwaka 2024 treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na kwa hesabu yao kuchelewa chini ya dakika sita bado ni "kwa wakati". Kama mna treni ya bei ya chini mbele, ile ambayo lazima upande hiyo hiyo, wekeni saa nzima katikati. Mkikata safari yote kwa tiketi moja na treni ya kwanza ichelewe, mkitarajiwa kufika dakika 20 au zaidi nje ya ratiba, mnaruhusiwa kupanda nyingine. Ukifika umechelewa saa moja unadai robo ya nauli, saa mbili nusu, na hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Lakini ukiwa na tiketi mbili tofauti ulizounganisha mwenyewe, kila mtu atakuambia shida si yake.

Tatu, dada, tiketi yako ya muhula. Muhula wa baridi unaanza 1 Oktoba. Umelipa ada? Kwa maana ile ya zamani inakufa usiku wa 30 Septemba.

Kijana_Lombardia

Jamani Uswisi msiifute kirahisi. Kutoka Venice mnakuja Milano, Milano hadi Tirano ni treni ya mkoa inayopita kando ya ziwa Como, na Tirano ndipo inapoanzia ile reli nyekundu ya Bernina hadi St. Moritz. Watalii wanalipia ziada kukaa kwenye mabehewa ya vioo vikubwa. Treni ya kawaida ya wenyeji inapita reli ileile, daraja lilelile la mviringo pale Brusio, hailipiwi kiti, na madirisha yake mengine yanafunguka. Mnapanda kutoka mita 429 hadi 2,253. Barafu ya mlimani ataiona hata Oktoba. Uswisi iko ndani ya Schengen, viza haisumbui. Laleni Tirano upande wa Italia, mpande, mshuke siku hiyohiyo, mle chakula cha Italia.

MamaFavoriten

Kijana umesema vizuri na njia ni nzuri kweli. Lakini ongeza nauli ya kwenda na kurudi kwa wawili, kwa faranga, na usiku mmoja zaidi, halafu niambie wanakula nini Munich. Kama wanaitaka, watoe Praha. Vyote viwili kwa euro 650, hapana.

Chuma_cha_Reli

Basi la usiku lingewafikisha kote huko na chenji ingebaki. Nasema tu.

Mwanaheri_LE

Shikamoo mama, na asanteni wote. Atieno, ada sikuwa nimelipa, nimelipa leo.

Nimempigia. Nilimtumia hesabu kwanza, kodi na bima na mshahara, kama ulivyosema. Alinyamaza, halafu akauliza, "Sasa zile picha za theluji ulizotuma ulikuwa umekula?" Tukacheka sana. London ameifuta mwenyewe. Uswisi tumebishana nusu saa, amekubali Praha ibaki, ila anasema mwaka kesho nampeleka Tirano, na mfuko nashika mimi.

Likizo amesogeza. Anatua Berlin Ijumaa 2 Oktoba, anaondoka 15. Kwangu tunakaa mpaka Jumapili, Jumatatu tarehe 5 asubuhi tunaanza Dresden. Miadi ya ubalozi ameshapata, tiketi hatujakata hata moja.

Maswali mawili ya mwisho. Deutschlandticket yake ataisimamishaje isimkate mwezi wa kumi na moja akiwa Dar? Na wikiendi hiyo ya kwanza nimpikie tu nyumbani au kuna cha maana Leipzig kisicho na gharama?

MamaFavoriten

Marahaba mwanangu. Ile tiketi ni ya kujirudia kila mwezi, na kuivunja ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka iishe. Tarehe 10 mtakuwa Italia mnakula aiskrimu na hakuna atakayekumbuka. Ainunue kwa wauzaji wanaokubali kadi ya benki, na wengi wanaruhusu kuivunja palepale ukishainunua. Itaendelea kufanya kazi mpaka mwisho wa Oktoba. Uthibitisho wa kuivunja aupige picha autunze.

Wikiendi mpikie, lakini ununue vitu mapema. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya Muungano wa Ujerumani, mwaka huu imeangukia Jumamosi, na kesho yake Jumapili. Maduka yanafungwa siku mbili mfululizo. Mchele, kuku, nyanya, na mkate wa kubeba Dresden, vyote viwe ndani kabla ya Ijumaa jioni, tena kabla hujaenda kumpokea, maana akitua na sanduku la kilo 30 hutapita sokoni. Kikikosekana kitu, stesheni kuu ya Leipzig ina maduka yanayofungua hata Jumapili, ila foleni yake siku hiyo utadhani wanagawa bure.

Atieno_Muc

Na beba na mayai ya kuchemsha ya Jumatatu. Dresden hiyo treni ikichelewa, mama hatakuwa hapo.